Kijitabu cha istilahi za fasihi cha elfu nne, Darajani: ninunue au niache?

Asalaam alaykum jamani. Kuna hiki kijitabu cha istilahi za fasihi kinazunguka kwenye masteshenari ya Darajani hapa Unguja, jalada la kijani, fotokopi tupu, kimebanwa pini mbili. Bei elfu nne, mie nkabembeleza nkapewa kwa elfu tatu na nusu. Duka silitaji wala aliyekitunga simtaji, mwenye nacho atakijua.

Nilimnunulia mtoto wa dada yangu, yuko fomu foo, kila akirudi skuli kilio chake ni fasihi tu. Istilahi zote anazo kichwani, ukimuuliza dhamira nini anakutiririshia kama kasuku, mpe hadithi sasa umwambie nitolee hiyo dhamira humu ndani, anakutazama tu.

Nianze na sifa maana haki ya mtu mpe. Sehemu ya usimulizi peke yake inarudisha pesa yako. Kuna kisa kifupi cha mvuvi karudi pwani na ngalawa tupu, kimeandikwa mara tatu. Mara ya kwanza mvuvi mwenyewe anasimulia, mimi nilifanya hivi, mimi nilifanya vile. Mara ya pili kuna mtu anamtazama kwa nje tu, anaona anavyokunja tanga na kutema mate basi, ya moyoni hayajui. Mara ya tatu ndo yule msimulizi maizi anayejua kila kitu, anajua mvuvi ana aibu gani na anajua pia kuwa mkewe kule nyumbani keshabandika sufuria ya maji anasubiri samaki. Mtoto kasoma akanyamaza, baadae akanambia "Mjomba, kumbe huyu anayesema mimi siye aliyeandika kitabu?" Eeeh, ndo hapo hapo! Maana nlizifungua insha zake za nyuma nkakuta kaandika "mwandishi anasema aliachwa na mumewe", na mwandishi mwenyewe mwanamme ana ndevu zake.

Haya, baada ya hapo kinaanza kuharibika. Mandhari kimeandika ni "mahali hadithi inapotokea" nukta, hamna zaidi. Sasa hadithi ikiwa Wete kule Pemba, Wete ya lini? Wete ya msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa mpaka njiani, watu usiku wanachambua makonyo huku wanapiga soga na pesa inaonekana mikononi, si Wete ile ile ya miezi ya njaa. Wakati umo, hali imo, mpaka harufu. Mwanafunzi akikariri hiyo "mahali" ataandika neno moja atapewa maksi moja asijue kakosa wapi.

Kejeli na kinaya ndo wamezichemsha chungu kimoja, mfano mmoja zote mbili. Jamani. Gari imekurushia tope nguo nzima, mtu barazani anakwambia "mashaallah leo umepiga pasi", hiyo kejeli, iko kwenye maneno. Fundi anayesifika mtaa mzima kwa kuezeka mapaa halafu kwake mwenyewe mvua ikinyesha wanatega ndoo, hicho kinaya, kiko kwenye mambo yenyewe yalivyogeuka na wala si lazima mtu aseme neno.

Tashbiha, kufananisha kitu na kitu kwa neno kama, wametoa mfano wa mrefu kama mlingoti, sawa si kosa, ila umechuja. Wakati bibi zetu kabla hadithi haijaanza tu wameshatupa mfano, Paukwa, Pakawa, kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Hapo kijino kama chikichi ni tashbiha, na kijino kujengewa kikuta ni mubalagha, yaani kutia chumvi, zote ndani ya pumzi moja, na mtoto kazisikia tangu hajaota meno yeye mwenyewe!

Taharuki nayo, ile hamu ya kujua nini kitafuata, wameipitia mbio, mistari miwili. Na sisi ndo kwetu huku alikotoka Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale kimetoka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake anajua kitu na hakisemi, unafungua ukurasa mwengine saa sita za usiku na kesho una kazi. Mfano gani tena unautafuta?

Tamathali zilobaki, hayo mapambo ya lugha, ni orodha tu, tashihisi, takriri, ritifaa, tanakali sauti, kila moja na mstari wake, hayo yamo hata kwenye daftari la skuli.

Mie nakipa nyota tatu kwa tano, na mbili katika hizo ni za yule mvuvi. Ukienda kununua kifungue pale pale mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa, tazama ukurasa wa 31. Changu ulikuwa mweupe pee, herufi huzioni mpaka ukiweke juani, nkarudi nacho na mtoto yuko pembeni yangu, muuzaji kakigeuza geuza akanambia "Sheikh hakijafutika hiki, wino umepumzika tu."

Mtoto kaninong'oneza, "Mjomba, hiyo tafsida, kalilainisha neno."