Airisi ndefu zenye ndevu: lipi ununue kwanza, lipi uliache dukani

Ukitaka kununua airisi ndefu, ua la bustani lenye majani kama panga, anza kwa kutoka nje bila pesa mfukoni. Simama bustanini saa tatu asubuhi, rudi saa sita, rudi tena saa kumi alasiri, uone jua limekaa wapi. Panapopata jua saa sita au zaidi kwa siku, na ambapo mvua ikinyesha maji hayatuami, ndipo patakapokuambia ununue matunguu mangapi. Wengi tunafanya kinyume. Tunapenda picha, tunalipa, kisha tunazunguka na tunguu mkononi tukitafuta pa kulichomeka. Airisi yangu ya kwanza iliishia nyuma ya kichaka cha waridi, ikanipa majani miaka miwili mfululizo na sikuona ua hata moja.

Kwanza tuelewane kinachouzwa ni nini. Si mbegu, wala si kitunguu kama cha tulipu. Ni tunguu: shina nene linalolala juu ya udongo kama tangawizi, mizizi ikishuka chini yake na majani yakisimama mbele kama upepeo. Akiba yote ya mmea imo humo ndani. Ndiyo maana tunguu zima linaweza kukaa nje ya udongo wiki mbili, kavu kabisa, likapandwa na likashika. Ukavu linauvumilia, adui yake ni unyevu usio na pa kutokea. Mpangilio wangu wote hapa chini wa njia tano za kununua, kuanzia iliyo bora, umetoka kwenye jambo hilo moja.

Neno “ndefu” nalo lina kipimo. Chama cha Airisi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1920 na ambacho husajili majina ya airisi hizi, kimeweka mpaka kwenye sentimita 70. Bua lisilofika hapo liko kwenye makundi mengine, ya wastani na vibete. Ndevu ni ule mstari wa nyuzi laini, kama kiwavi mwenye manyoya, unaolala katikati ya kila petali inayoning'inia. Petali tatu husimama juu, tatu hushuka.

Namba 1: tunguu tupu kutoka kwa anayelima airisi

Hili ndilo ninalonunua mimi, na silibadilishi. Mkulima huyachimbua matunguu baada ya maua kwisha, mmea ukiwa umepumzika, akayaosha, akakata majani yabaki kama urefu wa kiganja, akakutumia yakiwa makavu ndani ya karatasi. Kaskazini mwa ikweta huo ni msimu wa Julai hadi Septemba. Kusini, hesabu kuanzia Januari. Lengo ni mmea upate kama wiki sita za kushika mizizi kabla ya jalidi.

Likifika, lishike. Libonyeze kwa kidole gumba kuanzia kwenye majani hadi mkiani. Linatakiwa kuwa gumu kama kiazi kibichi, kila sehemu. Kidole kikizama mahali, hata padogo, nusa. Uozo wa airisi una harufu ambayo hutahitaji kuelezwa mara mbili. Kisha tazama katikati ya majani. Ukikuta kisiki cha bua la zamani, tunguu hilo limekwisha kuchanua, na tunguu la airisi huchanua mara moja tu maishani. Baada ya hapo kazi yake ni kuzaa watoto pembeni, na hao ndio watakaokupa maua. Kwa hiyo “tunguu kubwa” si lazima liwe bora. Nachukua la ukubwa wa wastani lenye majani yaliyosimama imara, naliacha bonge la mama lililochoka.

Kasoro ya njia hii ni moja: hulioni ua kabla ya kulipa. Unategemea picha na jina. Jina lina faida kubwa kuliko picha, kwa sababu limesajiliwa na unaweza kulitafuta mwenyewe ukajua urefu wa bua, rangi, na kama huwahi au huchelewa kuchanua. Picha je? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwahi kuona picha zilizokolezwa rangi. Hakuna airisi ndefu yenye wekundu halisi kama wa pilipili. Zinazoitwa nyekundu ni za rangi ya tofali, ya damu ya mzee au ya divai. Ukionyeshwa nyekundu inayowaka, unauziwa kazi ya kompyuta.

Namba 2: kipande cha jirani

Kwa bei, hakina mpinzani. Na kina sifa ambayo hakuna kitalu kinachoweza kukupa: umeuona mmea wenyewe ukichanua kwenye hewa yako na udongo kama wako. Airisi hizi zinahitaji kugawanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, la sivyo hubanana na maua hupungua, kwa hiyo mwenye nazo siku zote anatafuta wa kumpa.

Kwa nini basi haiko juu? Jina mara nyingi limepotea, na jirani akikupa kwa moyo mweupe anaweza kukupa na madoa ya ukungu kwenye majani bila kujua. Omba wewe mwenyewe ukachague. Jirani atakata katikati ya shada, penye matunguu makubwa yaliyozeeka. Wewe chukua ya pembezoni, machanga, yenye upepeo mmoja mzuri wa majani. Yakate majani yenye madoa, osha tunguu, liache likauke kivulini siku mbili. Airisi nzuri kuliko zote nilizonazo, ya zambarau yenye harufu kama zabibu, nilipewa hivi, na jina lake silijui mpaka leo.

Namba 3: iliyo kwenye chungu, imechanua

Hapa unaona rangi kwa macho yako, na kama rangi ndiyo inayokunyima usingizi, nunua hivi. Ila unalipia chungu, udongo na usafiri wa vitu vyote hivyo, na udongo wa vyunguni kwa kawaida ni ule mwepesi unaoshika maji kama sifongo. Tazama tunguu: kama limefukiwa, mwuzaji hajui anachouza. Hesabu matawi ya bua pia. Ua moja hudumu siku mbili tatu tu, kwa hiyo bua lenye matawi matatu na matumba saba au zaidi litakupa maua kwa wiki mbili, huku bua lenye matumba matatu juu kama fagio likimaliza mambo kabla hujaalika wageni. Jambo hilo picha hazionyeshi, na ndilo linalokipa chungu nafasi ya tatu badala ya nne.

Ukifika nacho nyumbani usikiache kwenye chungu. Maua yakiisha, kung'uta udongo wote, panda kama tunguu tupu.

Namba 4: mfuko wenye picha dukani

Rahisi huvunja upishi. Tunguu limefungwa ndani ya plastiki pamoja na unga wa mboji wenye unyevunyevu, likatundikwa ndani kwenye joto tangu mwisho wa majira ya baridi. Nilinunua mifuko mitano siku moja kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei. Mmoja ulikuwa uji. Miwili ilichipua majani ya rangi ya njano, membamba kama nyuzi. Iliyobaki ilishika, ikachukua miaka miwili kuchanua, na iliyoandikwa “bluu ya anga” ilitoka ya kahawia. Kama huna njia nyingine, utoboe mfuko dukani kwa kidole (kwa ruhusa), ubonyeze, na ukifika nyumbani upande siku hiyohiyo.

Namba 5: mbegu

Mbegu za airisi ya bustani hazizai mmea unaofanana na mama, na ua la kwanza hulioni kabla ya miaka miwili au mitatu. Ni burudani ya wanaotafuta aina mpya. Kwa mnunuzi, hapana.

Aina za kuanza nazo

Usifuate aina mpya za mwaka huu. Bei yake ni ya upya, wala hakuna anayejua zitafanyaje baada ya miaka mitano. Aina ya zamani ambayo bado inauzwa imekwisha kupita mtihani huo. Angalia pia zilizopata Medali ya Dykes, tuzo ya juu kabisa ya airisi Marekani. ‘Stepping Out’ ya mwaka 1964, nyeupe yenye ukingo wa urujuani, ilipata mwaka 1968. ‘Beverly Sills’ ya waridi ilipata 1985, ‘Dusky Challenger’ ya zambarau iliyokolea ilipata 1992, na ‘Edith Wolford’, njano juu na buluu ya urujuani chini, ikafuata 1993. Ningeambiwa nichague moja kwa mtu asiyejua lolote, ningempa ‘Dusky Challenger’: maua makubwa, mengi, kwenye bua lenye nguvu.

‘Immortality’ ni nyeupe na huweza kuchanua tena mwishoni mwa msimu. Tabia hiyo hutegemea hewa ya mahali, kwa hiyo mtu asikuuzie kama ahadi.

Mahali pasipo na majira ya baridi kabisa, nyingi ya hizi hutoa majani tu, maana zinataka ubaridi ndipo zifanye maua. Na kama bustani yako ni ya majimaji, usipambane. Nunua airisi za Louisiana, ambazo asili yake ni kwenye madimbwi na zinapenda unyevu unaoziua hizi.

Kuziweka mahali pake

Panda nyuma kidogo ya mstari wa mbele, si nyuma kabisa. Bua lina urefu wa kutosha kuonekana, lakini tunguu linataka kuota jua, na mmea wowote unaotambaa juu yake unalinyima. Epuka kuchanganya na maua yanayonyweshwa kila siku. Kumbuka pia kwamba sherehe yake ni wiki mbili tatu, na muda uliobaki utakuwa ukitazama majani kama panga. Mimi nimezipanga kando ya njia ya mawe, ambako joto la mawe linazisaidia na majani hayo yanapendeza hata bila ua.

Kama udongo ni mfinyanzi, inua tuta. Chimba shimo pana lisilo refu, acha mgongo wa udongo katikati, likalishe tunguu juu yake kama mtu aliyepanda punda, mizizi ikining'inia huku na huku. Fukia mizizi, acha mgongo wa tunguu uonekane. Penye jua kali sana, weka sentimita mbili za udongo juu, basi. Tunguu husonga mbele kuelekea upande wa majani, kwa hiyo elekeza majani unakotaka shada likue. Nafasi kati ya moja na jingine iwe sentimita 30 hadi 60. Matandazo yasiguse tunguu, na samadi mbichi isikaribie kabisa: naitrojeni nyingi huzaa majani manene na uozo.

Uozo ukija licha ya hayo, usitupe mmea. Kwangua kwa kijiko cha zamani hadi ufike kwenye nyama nyeupe, ngumu, uliache jeraha wazi juani likauke. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu huwawasha baadhi ya watu, na usiache mabaki ambapo mbwa atayatafuna, maana ni sumu kwake.

Mwisho wa yote ni idadi. Nunua matunguu matatu ya aina moja kabla ya moja moja ya aina tatu, uyapande kwa pembetatu majani yakitazama nje. Na siku hiyohiyo andika jina kwenye kibao kwa penseli. Wino wa kalamu za kawaida hufutwa na jua ndani ya mwaka mmoja, penseli inabaki.