Sony MDR-7506: hedifoni ya kizamani isiyopamba mziki, na usiseme imekufa kabla hujacheki pini

Wakuu, hii kitu imeanza kutoka 1991 na mpaka leo bado inauzwa, ni ile nyeusi yenye stika ya bluu pembeni ambayo ukiangalia picha za studio huikosi, waya umejiviringisha kama wa simu ya mezani. Haina bluetooth, haina betri, haina ile teknolojia ya kuzima kelele za nje. Ni kuchomeka na kusikiliza basi.

Sauti yake kiukweli si ya kila mtu. Kama umezoea hedifoni zinazokupiga besi mpaka kichwa kinatikisika, hii utaiona kavu dakika za kwanza, besi ipo na imejibana vizuri ila haijaongezwa chumvi, halafu huku juu iko kali kidogo, mwimbaji mwenye herufi s zinazochoma utamsikia zinachoma kweli kweli. Mi ndo ninachoipendea, maana wimbo uliorekodiwa vibaya inauanika, na uliorekodiwa vizuri unasikia mpaka mtu anavyovuta pumzi kabla hajaanza ubeti, unasikia kidole kinavyoteleza kwenye nyuzi za gitaa. Ukizidisha sauti masaa mengi lakini masikio yanachoka, hilo nisikufiche.

Omu zake (yaani ukinzani wake wa umeme, ukiwa mkubwa inataka nguvu zaidi) ni 63, so simu ya kawaida inaisukuma bila shida, tofauti na Sennheiser HD 600 yenye omu 300 ambayo ukiichomeka kwenye simu tu mara nyingi unapata sauti ya kinyonge, ile inataka amplifaya. Pia HD 600 iko wazi kwa nyuma, jirani anasikiliza na wewe, hii ya Sony imefungwa.

Kinachoniudhi ni waya hautoki. Umeingia moja kwa moja upande wa kushoto, ukikatika ndani ni kazi ya kulehemu, sasa kitu cha kutumika miaka na miaka kwa nini waya usiwe wa kuchomoa? Na ni mzito, kutembea nao barabarani sahau. Sponji za masikioni angalau zinabadilishika kwa mkono tu, na usizidharau, zikisinyaa au ukivaa miwani minene hewa inavuja na besi inapotea yote, mtu anaanza kulaumu spika za ndani wakati sponji ndo zimechoka.

Sasa haya yanahusu hedifoni yoyote ya waya. Ukisikia wimbo una vyombo tu na mwimbaji kapotelea mbali kama yuko chooni, usiitupe, cheki pini kama imeingia mpaka mwisho. Kushoto na kulia vinatumia waya mmoja wa kurudishia, huo usipogusa vizuri unachosikia ni tofauti ya pande mbili tu, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida inawekwa sawa pande zote so inajifuta yenyewe. Mara nyingi ni vumbi la mfukoni limejazana kwenye tundu la simu, zima simu, likwangue taratibu na kijiti cha meno, usitumie sindano. Ukisafisha na bado, na kwenye kifaa kingine ni hivyo hivyo, basi mara nyingi waya umekatika karibu na pini, ukunjekunje pale huku mziki unalia utasikia sauti inaenda na kurudi.

Upande mmoja ukiwa chini, vaa kinyume, cha kulia weka kushoto. Udhaifu ukihamia sikio lingine, tatizo liko kwenye hedifoni, simu au wimbo. Ukibaki sikio lile lile basi ni sikio lako, pengine nta tu. Kama udhaifu umehama na hedifoni, ichomeke kwenye kifaa kingine, ikiwa sawa huko rudi kwenye setingi za simu sehemu ya ufikivu (Accessibility), kuna kitelezi cha kushoto na kulia ambacho kinasogezwa bila mtu kujua.

Simu isiyo na tundu la duara itataka adapta, na hapo chukua yenye chipu ya sauti ndani yake, maana zile zisizo na chipu kuna simu zinazikataa kabisa, unachomeka na mziki unaendelea kutokea kwenye spika ya simu.