Tuisheni ya baiolojia ya molekuli, Mwenge: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nilikula sapu (mtihani wa marudio) ya baiolojia ya molekuli, na swali lililonizamisha lilikuwa la kromatini, yaani DNA ikiwa imejizungusha kwenye protini zake. Mwenzangu wa darasa akanielekeza kwa Ticha mmoja anayefundisha jioni Mwenge, chumba cha ghorofani, chini yake yuko mama fundi na cherehani zake. Shilingi 15,000 kwa kipindi cha saa mbili. Risiti usiulize.

Slaidi hana. Ana ndoo ya lita 20 aliyoibandika vitambaa vinane vya rangi nne, kila rangi viwili: H2A, H2B, H3 na H4, zile histoni, protini zinazozungukwa na DNA. Vitambaa vinaning'inia, ndiyo mikia yake. Kisha akaazima futi ya mama fundi, ile ya sentimita 150, akabana kidole kwenye 147 na kusema kila sentimita ni jozi moja ya besi za DNA. Akaizungusha kwenye ndoo: raundi moja na zaidi ya nusu, basi. Hiyo ni nyukliosomu moja. Nilikuwa nimeikariri namba 147 muhula mzima bila kujua inakaa wapi.

Akachomeka pini kwenye mikia, ndiyo asetili, kikundi kidogo cha kemikali. Mkia una chaji chanya, DNA ina chaji hasi, ndiyo maana vinashikana. Asetili ikikaa kwenye laisini, asidi amino ya mkia, chaji chanya inakufa, futi inalegea, jeni inasomeka. Kwa SWI/SNF, mashine ya protini inayosogeza nyukliosomu, aliisukuma ndoo ndani ya futi huku akihema: "Huyu hafanyi kazi bure, anakula ATP!" Yaani nishati ya seli. PRC2, kundi jingine la protini, akaipitisha haraka: inabandika methili tatu (methili nayo ni kikundi kidogo cha kemikali) kwenye laisini ya 27 ya H3, jeni inanyamazishwa.

Hapo nikauliza, kwa hiyo methili kazi yake ni kufunga tu? Akajibu, "Ndiyo, andikeni." Si kweli. Methili tatu kwenye laisini ya 4 ya H3 hiyohiyo hukutwa mwanzoni mwa jeni zinazofanya kazi. Kipindi kilichofuata alikiri, tena kiungwana, lakini wawili walioacha kuja wameondoka na kosa daftarini.

Kukarabati DNA ndipo alipokata futi kwa mkasi. Kweli, akaikata! Mama fundi akapiga kelele toka chini, "Mwalimu, futi yangu hiyo!" Tukacheka, lakini sitasahau tena: DNA ikikatika nyuzi zote mbili, kimeng'enya ATM kinaipachika fosfati H2AX, histoni ndugu yake H2A, kwenye serini ya 139, na alama hiyo inawaita mafundi wengine, protini kina MDC1 na 53BP1. Kimeng'enya TIP60 nacho kinafika, kinaweka asetili kwenye histoni na kwenye ATM yenyewe. Kumbe kimeng'enya kinachosaidia kufungua jeni ndicho kinachoitwa kwenye mkato! Hicho ndicho sikuwahi kukiona kwenye noti za chuo.

Bahati mbaya sehemu hii alibakiza dakika 20 tu. Kuhusu PARP1, kimeng'enya kingine cha ukarabati, Ticha akasema "kasomeni". Kwa pesa ile, hapana, Ticha.

Feni moja, na cherehani hazinyamazi. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Njoo na maji ya kunywa, na futi yako, maana mama fundi haazimishi tena.