Mailcow kwa biashara ya imeili: paneli tamu, ila IP ndo itakutoa jasho

Wakuu, nina mwaka na miezi sasa natumia mailcow, programu ya kuendesha seva yako mwenyewe ya imeili, nauza imeili tu, websaiti siuzi, na watu wawili watatu washaniuliza kama inalipa au najitesa bure, kwa hiyo acha nimwage yote.

Kwanza kwa nini imeili peke yake. Zamani nilikuwa na seva moja ya cPanel (paneli ya kuuzia hosting) kila kitu mle mle, halafu 2019 wakageuza bei wakaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na juu ya hapo kila baada ya muda unakuta WordPress ya mtu ambayo haijaguswa tangu enzi za Nuhu imeingiliwa inamwaga spamu, IP (anwani ya seva mtandaoni) inachafuka jina, na wateja wasiohusika ndo wanaolia. Nikasema basi, websaiti kila mtu apeleke anakojua, mimi nibaki na barua.

Mailcow ni ya bure. Ndani yake kuna Postfix inayotuma na kupokea barua, Dovecot inayozihifadhi, Rspamd inayochuja spamu na SOGo ya kusomea barua kwenye brauza, vyote vimefungashwa kwa Docker, yaani kila programu kwenye kiboksi chake. Kama ushawahi kuunga Postfix na Dovecot kwa mkono unaijua ile adha. Hapa unavuta mafaili, unaendesha generate_config.sh, inakuuliza jina la seva na majira ya saa, unawasha, unaenda kunywa chai. Ukirudi unaingia kama admin na paswedi ya kuanzia ni moohoo, ndiyo, wameweka ng'ombe hadi kwenye paswedi, ibadilishe hapo hapo kabla hujafanya kingine.

RAM msijidanganye. Maelekezo yao yanataka angalau GB 6 na swap (diski inayosaidia RAM) GB 1, VPS, yaani seva ya kukodi, ya GB 2 sahau. Mlaji mkubwa ni ClamAV, kichunguza virusi, unaweza kuizima kwa SKIP_CLAMD=y kwenye mailcow.conf, mimi nilianza hivyo na GB 4 ikaenda, ila ofisi inayopokea invoisi za Word kutwa nzima huwezi kuiacha bila kinga ya virusi, nikapanda GB 8.

Kilichonifanya nibaki ni upande wa domeni. Unampangia mteja akaunti ngapi, aliasi (anwani za ziada) ngapi, nafasi kiasi gani, kisha unampa admin wa domeni yake. Dada mmoja mwenye lodji Moshi sasa akiajiri mtu wa mapokezi anamfungulia imeili mwenyewe, mimi hata sijui. Na kuna kitufe cha DNS, ukikibonyeza kinakuletea MX (rekodi ya domeni inayosema barua ziende seva gani) na SPF, DKIM, DMARC (zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli), ipi imekaa sawa ipi bado, napiga picha namtumia WhatsApp yule aliyemtengenezea websaiti, hatubishani. Barua za zamani inavuta yenyewe kutoka seva ya mwanzo, kampuni moja ya klaringi niliiwekea jioni, asubuhi GB 11 zimeshaingia.

Mfumo wa kutoza wateja haina, hilo mjue. API (njia ya programu nyingine kuongea na mailcow) ipo kama unajua kuandika programu, mimi natumia Excel na lipa namba. Ila kuna kitu kitamu kwa wasumbufu wa malipo: akaunti unaweza kuizuia kulogini huku barua zinaendelea kuingia. Mtu hatukanwi, hafutiwi kitu, anakuta tu mlango umefungwa na barua zake zimekaa ndani, siku hiyo hiyo pesa inatumwa.

Sasa jasho lenyewe. VPS yangu ya kwanza port 25, mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua, ilikuwa imefungwa, nikaandika tiketi, nikajibiwa sera yao hairuhusu, hela ya mwezi imekwenda. Ya pili wakanifungulia bila shida, kumbe IP waliyonipa ina madhambi ya aliyekuwepo kabla yangu, Gmail inapokea, Outlook inarudisha kila barua na ujumbe wa kosa S3150, maana yake mtaa mzima wa IP zile umeshapigwa bloku, wewe mpangaji mpya utajitetea vipi? Kwa hiyo kabla hujaingiza mteja hata mmoja chukua VPS, IP ipitishe Spamhaus (wanaoorodhesha IP zenye sifa mbaya), hakikisha PTR (rekodi inayosema IP ni ya jina gani) unaweza kuiweka jina la seva yako, tuma barua za majaribio Gmail, Outlook na Yahoo, ikigoma rudisha uchukue nyingine. Tangu Februari 2024 Gmail hawana mzaha, kila anayewatumia lazima awe na PTR na SPF au DKIM, ukifika barua 5,000 kwa siku wanataka SPF, DKIM na DMARC zote.

Na kuna kosa ambalo ni langu mwenyewe. Paneli ina sehemu ya kuweka kikomo cha barua kwa kila akaunti, kwa dakika, saa au siku, nikaiona, nikasema nitaiweka kesho. Mhasibu wa mteja mmoja alikuwa na paswedi ya Karibu2023. Saa kumi na moja alfajiri nafungua foleni nakuta barua elfu nne na ushee za urithi wa bilionea zimejipanga zinasubiri kutoka, na zilizokwishatoka Mungu anajua. Kuzifuta foleni ilikuwa kubonyeza mara moja tu, kusafisha jina la IP kulinichukua wiki mbili, na kwenye wiki hizo mbili nilipoteza wateja watatu.

Sasa kila akaunti ina kikomo cha barua 60 kwa saa. Juzi bosi wa huyo huyo mhasibu kanipigia analalamika salamu zake za Idi kwa watu 300 zimekwama njiani, nikamwambia bosi tuma kwa awamu, anza na wanaokudai.