Riwaya za kisayansi na fantasia: ukiwa Lamu, anza kununua hizi

Mwaka juzi niliagiza riwaya ya mtumba kutoka Mombasa. Kifurushi kikapanda basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, nikakifungua pale pale gatini. Kurasa za mwisho zilikuwa zimegandamana kwa maji ya chumvi. Jalada lilipokauka nikalisoma vizuri: sehemu ya tatu. Ya kwanza na ya pili sinazo, na muuzaji simu hashiki tena.

Tangu siku hiyo napima mambo mawili kabla ya kutoa hela: hadithi iwe inajitosheleza bila kungoja vitabu vingine, na iwe na cha kumshika mtu aliyekulia visiwani.

1. Walenisi, Katama Mkangi (1995). Ni Kiswahili, ni ya mtu wa Pwani, na inaisha ilipoisha. Dzombo amehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha kuruka angani akafie huko, lakini anajikuta katika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa asioujua kwao. Litamke jina la kitabu polepole: wale ni sisi. Dukani watakwambia hakipo. Usiondoke, duka linaloleta vitabu vya shule linaweza kukuagizia. (Na akikwambia mtu kwamba mambo haya si ya Waswahili, mkumbushe Kusadikika: Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani tangu 1951.)

2. A Wizard of Earthsea, Ursula K. Le Guin (1968). Ni Kiingereza, lakini mtu wa Pate au Kizingitini atajiona yuko kwao. Dunia yake yote ni visiwa. Mchawi kijana, Ged, ngozi yake ni ya kahawia, na husafiri kwa mashua kuukuu aliyoiziba zaidi kwa uganga kuliko kwa kalafati. Anaweza kuita upepo ukajaza tanga, lakini wachawi wenye hekima hawapendi kuuchezea upepo, kwa sababu mvua ikivutwa huku, kule hukauka. Nguvu zote zimo katika kulijua jina la kweli la kitu. Nilikisoma barazani siku mbili za kusi, boti hazitoki, nikasahau hata chai. Vipo vingine vinavyofuata, ila hiki hakikudai chochote zaidi.

3. Binti, Nnedi Okorafor (2015). Ndiyo, jina ni hilo hilo letu. Msichana wa Kihimba, jamii ya Namibia, hodari wa hesabu, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, amejipaka udongo wa kwao mwilini. Ni chembamba, unakimaliza kwa safari moja ya basi. Kilishinda Hugo, tuzo inayopigiwa kura na mashabiki, na Nebula, inayopigiwa na waandishi wenyewe. Kikishinda zote mbili, mara nyingi hela yako haipotei. Kimeshuka hadi hapa kwa sababu mpya huuzwa ghali kuliko wembamba wake.

4. Cha bure. Huna hela? The Time Machine ya H. G. Wells (1895) unaipakua kwa simu kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, kihalali. Kiingereza cha zamani, macho yatauma.

5. Dune, Frank Herbert (1965). Nimekiweka mwisho si kwa ubaya. Utakutana na maneno kama Mahdi na jihadi katikati ya jangwa la sayari nyingine, utashtuka. Lakini ni tofali kwa unene. Nunua ukishajijua kama unaweza.

Kwa mtumba, dai picha ya jalada, ya ukurasa wa mwanzo na ya ukurasa wa mwisho. Kisha mwambie muuzaji akitie kitabu ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, ulilipie na hilo. Kopo langu la mwisho halikuonja hata tone la maji, na sasa limejaa sukari jikoni, nimekatazwa kulidai.