Ukaguzi wa bwana afya Kigoma: kipi kinafaa, kipi kinalipiwa bure

Mwenye mgahawa Mwanga, mama lishe wa Kibirizi na mwanika dagaa wa Katonga wote wanapokea huduma ambayo hawakuiagiza: ukaguzi wa afisa afya. Wanailipia kwa kodi, kwa ada za vipimo na kwa saa za kazi zinazopotea mkaguzi akiwa mlangoni. Kwa hiyo ina haki ya kupimwa kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa. Kwa kifupi, kipande chake bora ni kipimo cha maji kikiambatana na notisi ya maandishi. Kipande dhaifu ni cheti cha upimaji wa afya kinavyotumika sasa. Kufuli mlangoni iko katikati: mara chache inaokoa maisha, mara nyingi inahamisha tatizo mtaa wa pili.

Kwanza ijulikane nani ana mamlaka gani, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kwetu mamlaka yamegawanywa. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inaiweka kazi ya kila siku mikononi mwa halmashauri, na afisa afya wa kata, wa halmashauri na wa mkoa ndio wanaoitekeleza. Mganga Mkuu wa Halmashauri anasimamia idara, Mganga Mkuu wa Serikali anatoa mwongozo wa kitaalamu, na Waziri ndiye mwenye maamuzi makubwa ya wakati wa mlipuko. Usajili wa majengo ya vyakula ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, pale iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Samaki na dagaa wana afisa uvuvi wao. Mtu mwenye banda moja la kukaanga migebuka anaweza basi kupata wageni watatu wenye vitambulisho vitatu, na wote wana haki ya kuja. Anayestahili kuulizwa habari za choo, maji, mikono na taka ni bwana afya.

Ukaguzi mzuri una mpangilio, na ukiufahamu utamtambua mara moja mkaguzi anayejua kazi. Hatangulii kutazama cheti ukutani. Anaanza na maji: yanatoka wapi, yanakaa ndani ya nini, yanachotwa na nini. Kikombe kinachozama ndani ya ndoo ni kosa kubwa kuliko ukuta usiopakwa rangi, kwa sababu kila mkono unaoingia unaacha kitu. Ndoo yenye koki na mfuniko inaondoa tatizo hilo zima. Kisha mikono: kuna mahali pa kunawa kati ya choo na jiko? Sabuni ipo? Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 na kamba kinatosha kabisa, na mkaguzi anayedai sinki la kauri kwa mama lishe wa mwaloni hajaelewa anachokilinda. Baada ya hapo anakwenda chooni, halafu kwenye chakula. Wali na maharage yanayongoja wateja yanapaswa kubaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopoa kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kipimajoto cha kuchoma kwenye chungu ni kifaa kidogo, na kinamaliza ubishi ambao macho na kidole haviwezi kuumaliza. Taka zinakuja mwisho.

Kwenye maji ndipo huduma hii inapothibitisha thamani yake. Kipima klorini ni kijisanduku chenye mirija miwili na vidonge vya DPD. Maji yanatiwa kwenye mrija, kidonge namba 1 kinapondwa ndani, na rangi ya waridi inayotokea inalinganishwa na kipimo pembeni. Isomwe mapema, ndani ya dakika moja hivi, kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu rangi inaendelea kubadilika na msomaji aliyechelewa anaweza kupata jibu la uongo. Siku za kawaida klorini iliyobaki kwenye maji ya kunywa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Wakati wa kipindupindu isishuke chini ya 0.5. Kosa linalojirudia ni kupima bombani tu. Maji yanaweza kutoka kwenye bomba yakiwa mazuri, yakalala usiku mzima kwenye pipa lisilo na mfuniko, na asubuhi klorini imekwisha. Mkaguzi apime pale mteja anapochotewa.

Kipimo kikionyesha sifuri, dawa haiko mbali. Kidonge cha kutakasa maji cha miligramu 67 kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Subiri dakika 30 ndipo unywe. Maji ya ziwani yaliyochotwa ufukweni baada ya mvua huwa na tope, na tope linameza klorini: yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, na ikibidi tia vidonge viwili. Kwa mwenye unga wa klorini wa asilimia 70, kijiko kimoja cha mezani kisichojaa kilele ni takriban gramu 15. Kijiko hicho kimoja ndani ya lita 20 kinatoa maji ya kunawia mikono ya asilimia 0.05. Vijiko kumi kwa ndoo hiyohiyo vinatoa asilimia 0.5 ya kuoshea sakafu na choo. Kwa klorini ya kimiminika ya dukani yenye asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji inafikia hiyo 0.5. Changanya upya kila siku, funika, weka kivulini. Ndoo iliyochanganywa Jumatatu na bado ipo mlangoni Ijumaa inawapa watu imani isiyo na msingi, na tunaiona kuwa mbaya kuliko kutokuwa na ndoo.

Sampuli za kupeleka maabara zina utaratibu wake, na hapa huduma huharibika kimyakimya. Chupa ya kupimia vimelea iwe imetakaswa na iwe na sodiamu thiosalfeti kidogo ya kuua klorini pale pale. Bila hiyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani, na majibu yanarudi safi kuliko maji yenyewe. Chupa iwekwe kwenye kisanduku chenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6 kadiri inavyowezekana, na isivuke 24. Kutoka vijiji vya ufukweni vinavyotegemea boti, saa hizo zinakwisha mapema. Ndiyo sababu kipima klorini mkononi kina faida kubwa kuliko ahadi ya majibu wiki ijayo.

Notisi ya maandishi ndiyo silaha halisi ya afisa afya. Notisi nzuri inataja mahali, inataja kasoro kwa maneno yanayopimika, inasema la kufanya, inatoa muda na kuonyesha siku ya kurudi. Linganisha «boresha usafi» na hii: «shimo la choo limejaa hadi chini ya sentimita 50 kutoka juu, lizibwe na lingine lichimbwe angalau mita 30 kutoka kisima, katika siku 14». Ya kwanza haitekelezeki wala haipingiki. Ya pili fundi anaweza kuanza nayo kesho, na mwenye nyumba akikaidi, halmashauri ina karatasi ya kupeleka mahakamani. Angalia pia imeandikwa kwa jina la nani. Mama lishe mpangaji hawezi kuchimba choo kwenye kiwanja cha mtu. Notisi ya choo inamhusu mwenye jengo, ya mikono na chakula inamhusu anayepika. Kuchanganya hayo mawili kunamfukuza mpangaji na kukiacha choo kilivyokuwa.

Sasa cheti. Kwa desturi mpishi na mhudumu hupimwa kila baada ya miezi 6: choo kubwa, ngozi, kifua, wakati mwingine homa ya matumbo (taifodi). Tunakipa alama ya chini, na sababu ni za kitabibu. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 1989 kwamba upimaji wa ratiba kwa wanaoshika chakula hauzuii magonjwa kama inavyodhaniwa. Mtu anayebeba vimelea vya taifodi anavitoa kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja ya choo inaweza kumkosa. Kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kinakuta kingamwili, nazo zinaweza kutokana na ugonjwa wa zamani. Na aliyepimwa leo akawa salama anaweza kuharisha keshokutwa na kuendelea kukanda chapati, kwa sababu cheti kinasema ni mzima. Fedha hizo zingezaa zaidi kwenye kanuni moja inayosimamiwa kweli: anayeharisha, anayetapika au mwenye jipu mkononi hashiki chakula hadi zipite saa 48 baada ya dalili kuisha, na hapotezi nafasi yake ya kazi kwa kusema ukweli.

Kufunga biashara kunafaa pale hatari ipo sasa hivi: maji taka yanapita jikoni, au kuna mgonjwa wa kipindupindu aliyekula hapo. Kwa makosa mengine, mama lishe aliyefungiwa huhamisha sufuria zake hadi mahali pasipo maji kabisa, na mkaguzi anampoteza. Amri ya kufunga bila tarehe ya kukaguliwa tena ni ukaguzi ulioishia katikati. Faini ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi itoke. Anayetaka fedha mkononi aripotiwe TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Kigoma ina sababu ya pekee ya kuitaka huduma hii iwe imara. Mei 2015, Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani na Burundi kinachofikiwa kwa boti au kwa kupanda milima, kilijaa wakimbizi kwa makumi ya maelfu. Maji na vyoo havikutosha, kipindupindu kikazuka, na zaidi ya watu 30 walikufa. Meli ya MV Liemba iliwasafirisha hadi mjini, wakapitia uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kinaweza kujitokeza saa chache hadi siku 5 baada ya kumeza vimelea, muda unaotosha mtu kupanda boti akiwa mzima na kushuka akiwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo kazi ya afisa afya bandarini na mpakani Manyovu, ya kuuliza dalili, kupima joto na kukagua kadi ya njano ya chanjo, haiwezi kutenganishwa na ile ya sokoni.

Kwenye mialo tunatamani waongeze jambo moja. Dagaa waanikwe kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa, si mchangani wanapokanyagwa na kuku na mbwa. Afisa afya na afisa uvuvi wakikagua siku moja, mwanikaji anapata maelekezo yasiyogongana na anasimamisha kazi mara moja badala ya mara mbili.

Mkaguzi akija, omba kitambulisho, omba akupimie klorini ya ndoo yako mbele yako, na usimwache aondoke bila nakala ya alichoandika. Ukiona watu wawili au zaidi wanaharisha maji meupe mtaani, usingoje ukaguzi: piga 199 ya Wizara ya Afya, na waanze kunywa maji ya chumvi na sukari (ORS) wakiwa njiani kwenda kituoni. Dawa ya pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu bila kilele.