Mti wa Mangi Meli, Old Moshi: nenda, ila tafuta wa kukusimulia

Kama uko Moshi mjini na unataka kuuona mti unaosemekana alinyongewa Meli, Mangi (chifu wa Kichagga) wa Old Moshi, huhitaji kampuni ya utalii. Moja niliyoiulizia bei ilinitajia pesa ya siku nzima ya maporomoko ya maji, mti wenyewe tungeupitia tu. Nikapanda daladala, huko juu nikamalizia na bodaboda. Mvua ikiwa imenyesha vaa viatu usivyovionea huruma, udongo wa migombani unateleza mno.

Ukifika usitegemee mambo makubwa. Kuna mti, ambao wenyeji wanasema ndio wenyewe, na sanamu ya Mangi. Mwenye haraka atapiga selfi na kuondoka, na nauli yake itakuwa imepotea bure. Mimi nilimwamkia mzee mmoja wa jirani. Shikamoo, marahaba, kwenu wapi? Nikasema Marangu. Alicheka huyo!

"Kwa Marealle! Kaa hapo, haya yanakuhusu."

Yananihusu kweli. Mwaka 1892 Wajerumani chini ya von Bülow walimvamia Meli, akawatwanga, na von Bülow mwenyewe akafa. Mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa zaidi, safari hii Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na wenzake 18, Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa tuhuma za kupanga uasi. Na maneno ya uchochezi, kwa simulizi za Old Moshi, yalipelekwa kwa Wajerumani na Mangi wetu wa Marangu, Marealle. Mzee hakunipunguzia hata chembe. Kila akilitaja jina hilo alinyoosha bakora kuelekea Marangu, halafu ananitazama mimi, utadhani nilikuwepo. (Nyumbani kwetu hadithi hii huwa fupi zaidi.)

Kichwa cha Meli kinasemekana kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ukoo umekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 vipimo vya DNA huko Berlin vilioanisha fuvu moja na ndugu wa Akida, mshauri wake. La Meli halikuonekana. Mimi hilo nilikuwa nimelisoma juu juu kwenye simu, mzee alilijua kwa undani.

Nampa huyo mzee nyota tano, mti peke yake tatu. Ukipata msimulizi mwachie chochote cha soda, na nenda asubuhi ili usigombanie daladala za kushuka jioni. Watu wa Arusha nanyi njooni, wa kwenu pia walinyongwa hapa.